Binti, Andika Jina Lako kwenye Karatasi ya Noti

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Mwanga, Kigoma, binti mmoja wa sauti ya pili alinikabidhi wimbo wa matoleo alioutunga mwenyewe, sauti zote nne zikiwa zimepangwa vizuri kwa solfa, yaani noti za do, re, mi, lakini mahali pa jina la mtunzi palikuwa patupu. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa upole, "Ni kwa utukufu wa Mungu, mama." Huyu ni wa tatu mwaka huu, nami siwezi kunyamaza tena, kwa kuwa jibu hilo nililitoa mimi kabla ninyi hamjazaliwa.

1. Andikeni jina. Wimbo wangu wa kwanza niliutunga mzaliwa wangu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Mchana nilikuwa nikipika sabuni ya mawese, na mume wangu alikuwa na zamu ya usiku stesheni, kwa hiyo noti niliziandika kwa kibatari, mtoto akiwa begani, na kiitikio nilikipata katika kumbembeleza alale. Ulipokamilika, nilimpa mwalimu mmoja wa kwaya nakala safi isiyo na jina, nikiamini kwamba mwanamke mcha Mungu hatangulizi jina lake. Hakuna aliyenishurutisha. Miaka kumi na minne baadaye mtoto yule alirudi likizo kwa treni kutoka Tabora, akanikuta uani nauimba huku nikianua nguo. Akasema, "Mama, huo tunauimba shuleni," kisha akamtaja mtunzi, mwanamume nisiyemjua hata kwa sura. Nilimwambia kwamba wimbo ni wangu, tena niliutunga nikiwa nimembeba yeye. Akanitazama kidogo, akainamisha macho, nami nikatambua kwamba ananionea huruma kama mzazi aliyesema uongo. Sikuwa na karatasi wala shahidi. Usiku ule nilimwimbia ubeti wa tatu, ambao nakala yao haikuwa nao, akaniamini. Hata hivyo, mtazamo ule wa kwanza haujanitoka hadi leo.

2. Unyenyekevu msiusingizie. Kutoka 15 inamtaja Miriamu kwa jina akiwa na tari mkononi, na Waamuzi 5 inamtaja Debora pamoja na wimbo wake. Mama wa Bwana mwenyewe, katika utenzi wake ulio kwenye Luka 1, alitamka kwamba vizazi vyote vitamwita mbarikiwa, na Kanisa linauimba utenzi huo kila jioni katika Masifu bila kuuhesabu kuwa majivuno.

3. Andikeni jina la ubatizo na la ukoo, pamoja na tarehe, kwa sababu akina Mama Fulani tuko wengi mno katika kwaya moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, bila kusubiri usajili, na ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake ni kwamba wanenu na wajukuu wenu wanahusika.

4. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito liangukie hapo. Aleluya isiingie katika wimbo wa Kwaresima.

5. Imbeni nyumbani mnapotunga, mume asikie na watoto wasikie, hata kama ugali utachelewa. Mimi nilijificha usiku, ndiyo maana hata mume wangu hakuweza kunitolea ushahidi.

Wewe wa sauti ya pili, karatasi yako iko mezani kwangu. Njoo na kalamu Jumatano kabla ya mazoezi, maana sitaufundisha wimbo huo kabla mahali pale hapajajazwa. Besi ya mstari wa mwisho nayo inashuka mno, tutaipandisha pamoja.