Datsun 240Z ya 1972: kagua kutu kabla ya injini

Ndugu, umeuliza kama ununue hiyo Datsun 240Z ya 1972, gari la michezo la Kijapani, iliyolala Jinja, uitengeneze, kisha uiuze. Nunua, ila bodi ikiwa nzima. Injini yake ya L24 hufufuka. Bodi iliyooza humeza faida yote.

Beba sumaku uliyoifunga kitambaa chembamba, uipitishe nyuma ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati, yaani plasta ya kuzibia matundu ya kutu. Kisha inua zulia, uchokoe sakafu kwa bisibisi, na usisahau pale betri inapokaa: asidi hudondoka na kula chuma hadi chini.

Pima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote sita, injini ikiwa imepata moto. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Nambari ya chesisi imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Ya gari la usukani wa kulia huanza na HS30. Isipolingana na kadi ya gari, ondoka, hata bei iwe tamu vipi. Na usitegemee kuagiza jingine: tangu 2018 sheria inazuia kuingiza Uganda gari dogo la miaka 15 na zaidi.

Kabureta zake mbili usizing'oe, fundi akikwambia moja inatosha mkatalie. Mnunuzi wa gari hili hulipia uhalisi. Lilishinda Safari Rally 1971 na 1973, na wapenzi wake wanalijua hadi skrubu.