Usifomati hiyo modemu!

Toa mkono kwenye kibodi, ndugu. Eti modemu yako ya USB inaonekana kama CD kwenye kompyuta yenye Linux Mint, fundi kakuambia ni virusi, na jioni hii utaifomati? Nilifanya hivyo hivyo hapa Goma, kwenye sekretaria yangu ya picha na fotokopi pale Birere.

Hiyo CD si virusi. Modemu nyingi huanza kwa kujionyesha kama CD ili Windows ipate programu zake, ndipo zigeuke modemu. Kwenye Linux kazi ya kuzigeuza ni ya programu iitwayo usb_modeswitch. Basi! Lakini fundi wangu, funguo kiunoni kama mlinzi wa gereza, akasema: "Linux haijui modemu, futa hicho kidiski." Asubuhi sdb, jina ambalo Linux huipa diski ya pili, ilikuwa tundu la kadi la modemu. Mchana umeme ukakatika, nikawasha upya, diski yangu ya nje ikawahi jina hilo. Nikaandika mkfs, amri ya kufomati, na /dev/sdb, nikabonyeza. Taa ya diski ikaanza kupepesa, ile ya modemu kimya. Picha za harusi za miaka 2, kwisha. Kesho yake bibi harusi wa Ndosho akaja kuchukua albamu, na mama mkwe wake nyuma. Nikajificha nyuma ya fotokopi, na mashine yenyewe ni ile ndogo ya mezani. Fundi? Alidai dola 10 zake, akanishauri ninunue diski kubwa zaidi.

Kwa hiyo: kabla hujaona ttyUSB0, jina ambalo Linux huipa modemu iliyokwisha kugeuka, usijaribu kuunganisha, usifute, usisakinishe upya. Chomoa diski zote za nje. Chomeka modemu, ngoja nusu dakika, fungua dirisha la amri (terminal), andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Namba ya modemu yangu ilikuwa 12d1:1446, ilipogeuka ikawa 12d1:1001. Kisha andika sudo dmesg | tail, usome ujumbe wa mwisho wa mfumo. Ukiona ttyUSB0 (nyingine huandika ttyACM0), modemu unayo. Usipoiona, nenda saiba na flashi, chukua usb-modeswitch na usb-modeswitch-data. Ndiyo, unatafuta intaneti ili upate intaneti. Chukua na wvdial, programu ya kuunganisha modemu, hapo hapo, pamoja na vifurushi inavyovitegemea, usije ukalipa saiba mara mbili kama mimi.

Yaliyobaki ni mepesi. Amri ya sudo wvdialconf hukuandikia /etc/wvdial.conf; weka Phone = *99#, APN (jina la lango la intaneti) ya mtandao wako wa simu, na neno lolote kwenye Username na Password, maana wvdial haikubali nafasi tupu. Ikiunganisha kisha ikaganda, ongeza Stupid Mode = 1. Ndiyo jina lake, hali ya ujinga. Nilipolisoma nilidhani wameniandikia mimi.

Wengine watakuambia ubofye tu alama ya mtandao pembeni. Sawa, lakini nayo haina cha kubofya kama modemu bado inajifanya CD.

Andika lsusb sasa hivi, ubandike hapa jibu. Na huyo fundi asikaribie mashine.