Mhariri wa video hawajui watu wako: namna nilivyojifunza kumwandalia picha

Ndugu yangu, umesema unaandaa video ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi wako, una picha kama 300, nusu ziko kwenye simu na nusu kwenye albamu, na mhariri amekwambia tu "nitumie picha". Nimelipitia hilo mara mbili. Kwanza mama yangu alipotimiza miaka 70, kisha tulipomkumbuka baba baada ya kufariki. Video ya mama ilitoka vibaya, ya baba ilitoka vizuri, na mhariri alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni nilichompelekea.

Kwa mama niliwaambia ndugu wote warushe picha kwenye kundi letu la meseji. Nikazipakua, nikamrushia mhariri kwa njia hiyo hiyo. Kwenye simu zilikuwa safi. Ukumbini, projekta ilipowashwa, sura ya bibi ikawa chenga tupu. Programu za meseji huiminya picha ili isafiri upesi, na picha inayopakuliwa kisha kurushwa upya inaweza kuminywa tena. Video ya HD kamili ina pikseli, yaani vinukta vinavyoijenga picha, 1920 kwa 1080. Picha yenye upana wa pikseli 900 inabidi ivutwe zaidi ya mara mbili ndipo ijaze skrini hiyo. Na wahariri hawaiachi picha itulie. Huisogeza taratibu, huukaribia uso, kwa hiyo zinahitajika pikseli za ziada. Siku hizi nikiona upande mrefu una pikseli 3000 au zaidi, roho inatulia. Kama video yako itakuwa ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, mwulize mhariri mapema anataka ukubwa gani.

Basi waambie ndugu zako watume picha kama dokumenti, si kama picha, au wazipandishe kwenye folda moja ya mtandaoni bila kuzipunguza ukubwa, au uzunguke na flashi. Angalia uzito wa kila faili. Picha halisi ya simu kwa kawaida huwa na megabaiti kadhaa. Ukikuta kilobaiti 150, ujue hiyo ni nakala iliyominywa. Mrudie mwenye nayo umwombe aliyoipiga mwenyewe. Faida nyingine ya faili halisi ni kwamba mara nyingi hubeba tarehe ya kupigwa, na tarehe hiyo itakuokoa utakapoanza kuzipanga.

Za albamu zinataka subira zaidi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unapata pikseli kama 1770 kwa 1180, ambazo kwa upana hazifiki hata HD kamili. Ukiiskani kwa dpi 600 unapata kama 3540 kwa 2360, na hapo mhariri ana nafasi ya kufanya kazi. Vipicha vidogo kama vya pasipoti nilivipandisha hadi 1200. Futa vumbi kwenye kioo cha skana na juu ya picha kwa kitambaa laini kikavu, usitie maji. Ikiwa picha imegandana na ukurasa wa albamu, usiibandue kwa nguvu, iskani pamoja na ukurasa wake. Kama huna skana, simu inatosha: weka picha karibu na dirisha, itoe kwenye fremu ya kioo, zima flashi ya kamera, na ushike simu sambamba na picha ili pembe zisipinde.

Geuza kila picha utazame mgongoni. Nyuma ya picha moja ya baba akiwa kijana tulikuta mwandiko wake, tarehe na maneno manne ya kumwahidi mama kwamba atarudi. Hakuna aliyejua kwamba yapo. Tuliuskani ule mgongo, na ndio uliofungua video.

Usikate picha, usiweke filta, usiongeze mwanga. Hiyo ni kazi ya mhariri na ana vifaa bora kuliko vyetu. Skrini ni pana, picha nyingi za simu ni za kusimama, kwa hiyo anahitaji kila kilichomo pembeni ili aipange vizuri. Skrinishoti nazo ziache.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Piga hesabu: picha 300 kwa sekunde 5 kila moja ni dakika 25. Hakuna ukumbi utakaotulia muda huo. Wimbo wa dakika 4 unabeba picha 48 kwa mwendo huo, na zikiwemo za kundi zitapungua, maana picha ya watu 15 inataka sekunde 7 au 8 ili kila mtu aitafute sura yake. Kabla ya kuchagua, andika majina ya watu wote wanaopaswa kuonekana: watoto, wajukuu, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa tangu zamani. Kila unapochagua picha, weka alama kwenye jina. Kwa mama sikufanya hivyo, nikachagua zilizopendeza tu. Shangazi, aliyetulea mwaka mzima mama alipokuwa mgonjwa, hakutokea hata mara moja. Alikaa mstari wa mbele akatazama mpaka mwisho, akapiga makofi, hakusema neno. Bado linaniuma. Afadhali picha yenye ukungu kidogo ambayo shangazi yumo kuliko picha safi ya keki.

Ukishachagua, zipe namba kwa mpangilio wa video: 001, 002, 003. Sufuri za mbele ziwepo, kwa sababu bila hizo kompyuta nyingine hupanga 1, 10, 11, halafu 2. Pamoja na picha, mpe karatasi moja: namba, nani yumo na amesimama wapi, mwaka hata wa kukadiria, na majina yaliyoandikwa kama yanavyopaswa kusomeka. Mhariri wetu alikaribia uso wa jirani akidhani ndiye baba, na hakuwa na namna ya kujua. Mwambie nani ameshafariki, nani wameachana, na picha ipi lazima iwepo hata wimbo ukibana. Kama picha inamwonyesha mtu katika hali ambayo huenda asipende watu waione, mwombe ruhusa kwanza.

Mhariri akimaliza rasimu, usiitazame peke yako. Keti na mzee mmoja anayezijua sura za zamani. Ya baba niliitazama na shangazi. Alinisimamisha mara mbili: mara moja miaka ilikuwa imepishana, na mara ya pili akanionyesha kwa kidole, nyuma ya bega la baba, mdogo wao aliyefariki akiwa mtoto. Tulimwomba mhariri aikaribie sura ile.