Kabla hujasema kipokezi hakisogei

Wiki hii nimewakuta vijana wawili wapya mbele ya hadubini, wakisubiri kipokezi cha estrojeni (protini inayoshika homoni hiyo) kiingie kwenye kiini cha seli. Saa nzima. Wadogo zangu, kilishaingia tangu jana!

1. Msichanganye vipokezi. Cha glukokotikoidi hukaa kwenye saitoplazimu, nje ya kiini; ukiweka deksamethasoni, dawa inayokiamsha, kinahamia kwenye kiini ndani ya nusu saa. ERα, yaani kipokezi chetu cha estrojeni, sivyo: kwenye MCF-7, seli za saratani ya matiti, kimo ndani ya kiini, homoni iwepo isiwepo. Zamani walisaga seli, kipokezi kisicho na homoni kikavuja, wakadhani makao yake ni saitoplazimu. Mwaka 1984 kingamwili zikaonyesha kiko kiini. Mwendo wa kutafuta ni wa humo humo. Bila homoni kimetawanyika na kinazunguka haraka. Estradioli, estrojeni yenyewe, ikifika, kinakusanyika kwenye vitone na kasi inapungua.

2. Seli zishinde na njaa ya homoni. Hapa mimi niliumia. Kipokezi nilikiunganisha na GFP, protini inayong'aa kijani; nilikuwa naunguza mng'ao wake kwa leza, kisha napima unavyorudi, ili nijue kasi ya kipokezi. Visahani vya estradioli na vya etanoli tupu (kontroli, bila homoni) vikatoa grafu zinazofanana. Nikalaumu homoni, nikayeyusha nyingine. Nikalaumu plazimidi, DNA inayobeba jeni la kipokezi, nikaiandaa upya. Nikayeyusha seli mpya. Miezi mitatu ikaisha. Usiku mmoja niliona vitone kwenye kisahani cha kontroli, nikaandika daftarini: "kelele za kamera." Daftari hilo bado ninalo na sentensi hiyo bado inaniuma, maana jibu nililiona kwa macho yangu nikalipa jina lingine. Nikaenda kumwambia msimamizi kwamba kipokezi chetu hakiitikii homoni.

Fundi wa maabara ndiye aliyeinua chupa yangu ya media (maji ya kulishia seli) kwenye mwanga. "Mbona nyekundu, mdogo wangu? Na seramu, umeichuja kwa mkaa?" Nikanyamaza. Tangu 1986 inajulikana kwamba fenoli nyekundu inayowekwa kwenye media hufanya kazi kama estrojeni hafifu, na seramu ya ndama isiyochujwa ina steroidi zake, estrojeni zikiwemo. Kontroli yangu haikuwahi kulala njaa. Miezi mitatu nilikuwa nalinganisha aliyeshiba na aliyeshiba.

Basi: media isiyo na fenoli nyekundu, seramu iliyochujwa kwa mkaa, siku tatu kabla ya homoni.

3. Acheni seli inayong'aa kuliko zote. Imejaa protini kupita kiasi, mwendo wake si wa kawaida. Pigeni picha zile hafifu.

4. Kisahani cha fulvestranti, dawa inayozuia kipokezi cha estrojeni, kiwepo kila mara. Dawa hiyo hugandisha kipokezi ndani ya kiini kabla proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, haijakivunja; mng'ao ukirudi haraka hata hapo, kagueni kazi yenu kwanza.

Chupa ya wale wawili nayo ilikuwa nyekundu. Nimewaambia waimwage leo. Mmoja ameuliza kama siku tatu ni lazima. Ni lazima. Zikitimia, nitakaa nao tuvitazame vitone pamoja.