Kijana Wangu Hataki Mboga

SWALI: Shangazi, hujambo. Kijana wangu ana miaka 15, tunakaa Nyalenda. Nikipika osuga (mnavu) au dek (mgagani) anasukuma sahani, ati hicho ni chakula cha wazee. Pesa ninayompa inaishia kwa mandazi na mayai pasua. Nimemweleza habari za magonjwa hadi nimechoka. Babake naye si mtu wa mboga. Nifanyeje? – Mama Kijana, Kisumu

JIBU: Mama Kijana, mahubiri yapumzishe. Kumtisha kijana wa miaka 15 kwa kisukari cha uzeeni ni kazi bure. Yeye anawaza njaa ya saa kumi jioni na wenzake waliosimama pale kibandani.

Hebu litazame hilo yai pasua. Muuzaji hulichana katikati, akalijaza kachumbari ya nyanya, kitunguu na dhania. Kijana wako anaibugia bila kulalamika, kwa hivyo mboga anakula! Anzia hapo. Kachumbari ya nyumbani mwachie yeye: akate, atie parachichi, akamulie ndimu. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani, na kijana anayerefuka anayahitaji sana. Chai isiandamane na mlo huo, kwani hupunguza ufyonzaji.

Osuga ni chungu kweli, usimwone mkaidi. Ipike kwa maziwa, ilale, uipashe kesho yake, au uichanganye na ododo (mchicha). Mpakulie kijiko kimoja tu, kila mara, na usimchunge akila. Ulimi huzoea ladha kwa kuionja tena na tena. Wazazi wengi hukata tamaa mapema mno.

Ukitoka soko la Kibuye, osha mapera na ndizi uziweke mezani, pale anapotupa begi. Mandazi yakae kabatini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kuanzia umri wa miaka 10, lakini usikimbilie mizani. Pera moja kila jioni likizoeleka, ndipo uongeze lingine.

Sasa babake. Umemtaja kwa haraka ukapita, nami naona hapo ndipo penye uzito. Kijana wa umri huo anamtazama baba kuliko anavyokusikiliza wewe. Ongea naye mkiwa wawili, umwombe ale mboga mezani mbele ya mwanawe, hata kama ni kidogo.