Mwanangu, waya hauchagui

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana nikiwa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, dagaa bado wako juani. Umeniuliza kama ukienda kujitolea Serengeti miezi mitatu, kutembea na askari mkiondoa mitego, utakuwa umewageuka watu wa kwetu Bunda.

Hapana. Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Babu yako alitega. Nyumbu walipoteremka hadi mbuga za Ndabaka, karibu na ziwa, alikata nyaya, akasuka matanzi na kuyafunga vichakani kwenye njia zao. Nyama yao iliyokaushwa, kimoro, ndiyo ilitulisha, na nyingine ikauzwa tukapata madaftari. Hakuwa mtu mbaya, na sitamwita hivyo kamwe. Lakini waya hauchagui. Siku moja nilimfuata, nikiwa na miaka kumi hivi, tukamkuta fisi jike, tanzi limemzama shingoni, ananyonyesha, bado anapumua. Babu hakusema neno hadi tunafika nyumbani. Kesho yake alirudi kutega, kwa sababu tulikuwa watoto saba. Ule mkoromo bado ninao masikioni.

Kwa hiyo nenda, ukayakate. Tanzi lililosahauliwa linaendelea kunasa hata mwenyewe akiwa amekwisha hama kijiji.

Nenda, lakini usimchukie aliyetega. Mjomba wako alilima mtama msimu mzima, tembo wakaingia usiku mmoja wakaumaliza. Serikali inatoa kifuta jasho, nayo ni haki, ila watoto hawali kifuta jasho usiku ule ule. Ukipewa nafasi ya kuchagua kazi, omba ya mizinga ya nyuki pembezoni mwa mashamba. Tembo humwogopa nyuki, na asali ni fedha mkononi mwa mkulima. Mimi naiona kubwa kuliko zote, maana mwenye chakula ghalani hana haraka ya kwenda porini na waya.

Utakuwa na vijana wa Ulaya waliolipia safari hiyo. Wafundishe kusalimia wazee kabla ya kupiga picha. Wewe unajua Kisukuma. Keti na akina mama visimani, uwasikilize kwanza.

Usipitilize moja kwa moja hadi getini. Shuka Bunda, ulale kwa mjomba. Nimekufungia dagaa mifuko miwili, mmoja ni wake. Mwombe akuonyeshe lile shamba.

Mama yako