Mkutubi, anzia kaunta kabla ya mtandaoni

Wakutubi wengi tukirudi semina tunarudi na orodha ndefu: ukurasa wa Facebook, blogu, chaneli ya YouTube. Miezi michache baadaye ukurasa una picha za siku ya uzinduzi tu, na blogu imeishia kwenye "Karibuni". Ushauri wangu: kaa kaunta, sikiliza wasomaji wanauliza nini kila siku, halafu tafuta chombo cha kujibu hilo tu.

Kwetu, maktaba ya chuo cha ualimu, swali lilikuwa "Kile kitabu kimerudi?" Jibu likawa WhatsApp, maana kila mwanachuo anayo tayari. Tulisajili laini ya maktaba, siyo ya mtumishi, kwa sababu mtumishi akihamishwa anaondoka na namba yake. Kila asubuhi vitabu vilivyorudishwa vinawekwa kwenye status: picha ya jalada na namba ya rafu, basi. Majina ya wanaodaiwa vitabu yasiguse status wala kikundi chochote cha WhatsApp kamwe. Anachoazima msomaji ni siri yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Hata sheria isingekuwepo, ukimwaibisha mtu mbele ya wenzake hakanyagi tena maktaba.

Kazi yenyewe iko kwenye katalogi, ile orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Sisi tunatumia Koha, programu huria ya maktaba iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi huko mwaka 2000. Haina ada ya leseni, ila usimwambie mkuu wa chuo kwamba ni ya bure: seva, umeme na fundi vyote vinataka hela. Utamu wake utauona ukiingiza ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya kitabu cha nje na rekodi ikavutwa nzima kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, mara nyingi na namba ya Dewey juu, ile ya kupanga vitabu rafuni kwa mada. Vijitabu vya wizara na ripoti za wilaya usitegemee kuvikuta huko. Hivyo ni vya kuchapa mwenyewe.

Na hata rekodi iliyovutwa haijakamilika. Mwanachuo mmoja aliandika "ufugaji wa kuku" kwenye kompyuta ya katalogi, akajibiwa hakuna kitu, wakati vitabu vimejipanga pale rafuni, kwenye namba 636.5. Vichwa vya mada, yaani maneno yanayosema kitabu kinahusu nini, vyote vilikuwa vya Kiingereza! Sasa kila rekodi tunaiongezea maneno ya Kiswahili kwenye uga wa 653, sehemu ya rekodi ya maneno huru: ufugaji, kuku, kuku wa kienyeji, banda. Ni kazi ya dakika chache kwa kitabu, na hakuna programu itakayojua kwamba msomaji wako anasema "kienyeji". Wewe unajua.

Intaneti ikisumbua, kuna Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Unapakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja, unaiweka kwenye kompyuta moja, na nyingine zinaisoma kupitia mtandao wa ndani bila bando.

Kuhusu wenzako wanaoogopa kompyuta, usiwape hotuba. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, chini ya Helene Blowers, iliwapa watumishi mazoezi 23 madogo ya kujifunza wenyewe, na aliyemaliza yote akapata kicheza muziki. Sisi hatuna zawadi hiyo, lakini muda wa kujaribu ndani ya saa za kazi tunaweza kuutoa. Mama mmoja wa kaunta yetu, aliyekuwa hataki hata kushika kipanya, ndiye leo anayewafundisha wanaokuja mafunzo kwa vitendo.

Muuzaji akikuletea programu yake inayong'aa, muulize kwanza: siku nikiiacha, nitaondokaje na rekodi zangu? Kama haiwezi kuzitoa katika muundo wa MARC, ule wa rekodi unaosomwa na programu nyingi za maktaba, mpe chai, kisha msindikize hadi getini.